Somo: Taa za makopo na shada la Majilio kwa vitu vya stoo

Huku Ujerumani kaskazini, Desemba jua linazama mnamo saa kumi jioni, na karibu kila dirisha lina taa. Madukani, mapambo yenye sura ya kizamani, bati lenye kutu na mbao zilizopigwa na mvua, yanauzwa bei haishikiki. Kichekesho, maana kutu ni bure.

Leo tunatengeneza vitu viwili: taa za makopo, na shada la Majilio, yaani majira ya kungoja Krismasi, la ringi ya baiskeli. Nitakaa zaidi kwenye kopo kwa sababu ndipo wengi wanapoharibu.

Taa ya kopo

Tafuta makopo ya nyanya au maharage, nyundo, misumari ya unene tofauti, waya, koleo, taulo kuukuu na karatasi. Mafundi bati wa kwetu wamegeuza makopo kuwa vibatari miaka nenda miaka rudi, kwa hiyo wazo si geni. Kigeni ni barafu.

1. Loweka kopo kwenye maji ya moto, bandua karatasi, sugua gundi iliyobaki kwa mafuta ya kupikia. Bana kwa koleo ncha zote kali za ukingo wa juu.

2. Jaza maji, bakiza sentimita mbili juu, kisha ligandishe kwenye friza usiku kucha. Usiruke hatua hii. Kopo tupu likigongwa msumari linabonyea. Lenye barafu linasimama imara. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, kwa hiyo kitako kitavimba kidogo. Usihangaike nacho, tutakirudisha.

3. Chora nyota, mti au mistari tu kwenye karatasi, kwa nukta zilizoachana kama sentimita moja. Nukta zikibanana sana bati linachanika kati ya tundu na tundu. Zungushia karatasi kopo, ibandike kwa selotepu.

4. Laza kopo kwenye taulo lililokunjwa lisibingirike. Gonga msumari kwenye kila nukta: mapigo mawili matatu, chomoa, endelea. Tumia msumari mwembamba kwa mistari, mnene kwa macho ya nyota. Barafu ikianza kulegea, rudisha kopo kwenye friza, usishindane nayo.

5. Toboa matundu mawili ya mshikio karibu na ukingo. Kama taa itakaa nje, toboa na machache kwenye kitako ili theluji ikiyeyuka maji yapite. Sasa, barafu ikiwa bado ndani, gonga kitako polepole mpaka kikae sawa.

6. Acha barafu iyeyuke, kausha, funga waya. Usipitishe kidole ndani, matundu yana meno.

Anayetaka kutu aondoe mng'ao kwa msasa, apake siki na chumvi, aache kopo nje kwenye unyevu. Mimi sipaki rangi. Kopo lililopakwa rangi ya dhahabu linarudi kuwa pambo la dukani.

Ndani weka mchanga kidogo, kisha mshumaa mdogo wa kikombe cha bati. Usiiweke juu ya plastiki, wala usiache ikiwaka ukatoka.

Shada la ringi

Shada la Majilio lenyewe lilianza na kitu chakavu. Mwaka 1839 mchungaji Johann Hinrich Wichern, aliyelea watoto maskini katika nyumba ya Rauhes Haus huko Hamburg, alichukua gurudumu la mkokoteni akalipangia mishumaa: minne mikubwa myeupe ya Jumapili, na midogo myekundu ya siku za katikati, ili watoto waliokuwa wakiuliza Krismasi lini wahesabu wenyewe. Kwa hiyo ukitumia ringi ya baiskeli unafuata asili yake kuliko anayenunua shada la plastiki.

Ng'oa spoku, futa grisi. Viringisha vitambaa vya shuka kuukuu ili matawi yapate pa kushika. Kata matawi ya msonobari ya urefu wa kiganja, yapange yakielekea upande mmoja, kila fungu likifunika shina la lililotangulia, ukikaza kwa waya. Mimi naweka mishumaa minne myekundu. Vishikio vyake viwe vifuniko vya chuma vya chupa za jemu, vifungwe imara. Jumapili ya kwanza ya Majilio huangukia kati ya Novemba 27 na Desemba 3. Ukifunga matawi mapema mno yatakuwa yamekauka kabla ya Krismasi, na matawi makavu hushika moto upesi.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Minneapolis:* Shikamoo mwalimu. Friza yangu imejaa nyama. Naweza kuganda makopo nje?

Marahaba. Baridi ya kwenu inatosha kabisa, yafunike tu kwa sahani. Na ukiwa nayo hiyo baridi, jaza ndoo maji, iache nje kama siku nzima kwenye nyuzi kumi chini ya sifuri. Pembeni huganda kwanza, katikati mwisho. Ipindue, toboa upande mwembamba, mwaga maji: umepata taa ya barafu bila kugonga msumari.

*Mwanachama, Leipzig:* Nimeokota paleti, nataka kutengeneza nyota. Mbao zake ni salama?

Soma muhuri, dada. HT ni mbao zilizotibiwa kwa joto, endelea. MB zilipigwa dawa ya methili bromidi, ziache ulikoziokota. Zisizo na muhuri sizileti ndani.

*Mwanachama, Mafinga:* Huku hatuna theluji, ila koni za misonobari ya Sao Hill tunazo tele. Nyingi zimejifunga.

Zikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 100 hivi, nusu saa hadi saa nzima, ukizichungulia. Zitafunguka na wadudu watakufa. Huna oveni, zianike juani siku kadhaa.

*Mwanachama, Toronto:* Mwenye nyumba hataki mishumaa.

Taa za betri. Chagua za mwanga wa njano, zilizoandikwa Kelvini 2700. Nyeupe kali kwenye kopo la kutu hazipendezi.

*Mwanachama, Köln:* Kanisani kwetu ni mishumaa mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi. Wewe umeweka myekundu minne. Tumfuate nani?

Zambarau na waridi hufuata rangi za liturujia ya Kikatoliki. Ule wa waridi huwashwa Jumapili ya tatu. Myekundu minne utaikuta nyumba nyingi za hapa. Kwa shada la mezani kwako, kaka, washa ulionao, hata kama ni vipande vilivyobaki mwaka jana.