Namna Bendi ya Utangulizi Inavyoweza Kumfunika Mwenye Jukwaa

Bendi inayotangulia hupanda jukwaani ikiwa na hasara zote zinazoonekana kwa macho: ukumbi haujajaa, taa zinazotumika ni chache, ngoma zimebanwa mbele ya vyombo vya msanii mkuu vilivyofunikwa shuka, na nusu ya waliokata tiketi bado wako mlangoni. Hata hivyo ina faida moja ambayo mwenye jukwaa hana, nayo ni ufupi wa muda. Msanii mkuu anadaiwa saa moja na nusu au zaidi, pamoja na kila wimbo ambao watu wamelipia kuusikia, ilhali anayetangulia anadaiwa nusu saa tu na hakuna anayemtarajia makubwa. Mwongozo huu unahusu namna ya kuitumia faida hiyo, na kazi yenyewe huanza mapema, kabla hata ya kukubali mwaliko.

Unapoalikwa, wachunguze mashabiki wa msanii mkuu kuliko unavyolichunguza jina lake. Mnamo Julai 1967, mwezi mmoja tu baada ya kulichoma moto gitaa lake mbele ya umati wa tamasha la Monterey huko California, mpiga gitaa Jimi Hendrix alipangwa kuwatangulia Monkees, kundi lililopata umaarufu kupitia kipindi cha televisheni na lililopendwa sana na wasichana wadogo. Monkees wenyewe walimpenda sana, lakini mashabiki wao walikuwa wakimwita Davy Jones, mwimbaji wa kundi hilo, huku Hendrix akiwa katikati ya wimbo, na baada ya maonyesho machache akajiondoa. Prince naye, alipowatangulia Rolling Stones huko Los Angeles Oktoba 1981, alizomewa na kurushiwa vitu hadi akashuka; miaka mitatu baadaye albamu yake ilikaa kileleni mwa chati za Marekani kwa miezi kadhaa. Hakuna atakayesema kwamba yeyote kati ya hao wawili alikosa kipaji. Walichokosa ni umati uliokuja ukiwa na masikio ya aina yao.

Kinachofaa ni kuwa jirani wa msanii mkuu bila kuwa pacha wake. Van Halen walipowatangulia Black Sabbath mwaka 1978, watu waliokuwa ukumbini tayari walipenda gitaa zito, kwa hiyo hawakuhitaji kushawishiwa juu ya aina ya muziki; walichoona ni vijana wenye albamu moja tu, wepesi na wenye furaha, wakifuatiwa na bendi iliyokuwa imechoka na kugawanyika ndani kwa ndani. Mwimbaji wa Black Sabbath, Ozzy Osbourne, mwenyewe hakuficha baadaye kwamba usiku baada ya usiku walizidiwa. Ukipewa nafasi ya kuchagua kati ya msanii mkubwa ambaye watu wake hawafanani na wako, na msanii wa kiasi ambaye watu wake wangeupenda muziki wako kama wangeusikia, mchague huyo wa pili bila kusitasita.

Baada ya hapo inakuja orodha ya nyimbo, na hapa ndipo bendi nyingi hujimaliza zenyewe. Dakika 30 hazitoshi nyimbo nane. Nyimbo sita za dakika nne ni dakika 24, na dakika sita zinazobaki zitaliwa na makofi, salamu, na uzi wa gitaa utakaokatika pasipo kutarajiwa. Anza na wimbo wa pili kwa ubora na umalize na ule ulio bora kuliko zote. Wimbo mpya ambao hata nyinyi wenyewe hamjauzoea ubaki kwenye mazoezi. Wimbo wa taratibu uwe mmoja, na uwepo tu ikiwa ndio unaowanyamazisha watu, kwa sababu wimbo wa taratibu wa kawaida mbele ya wageni huwapa ruhusa ya kupiga soga. Halafu fanyeni mazoezi ya orodha nzima mbele ya saa, mkiwa mmesimama, pamoja na maneno yatakayosemwa na namna wimbo mmoja utakavyoingia katika mwingine. Ukimya wa sekunde 40 huku mpiga gitaa akikaza nyuzi huonekana mfupi kwenu nyinyi mlio jukwaani, lakini kwa asiyewajua ni muda wa kutosha kuwapa kisogo. Ikiwezekana kuwe na gitaa la akiba lililokwisha kupatanishwa, na mpiga ngoma aendelee na mdundo wakati wengine wanabadilisha vyombo.

Mfano mzuri wa kuutii ufupi si wa ziara bali wa tamasha. Katika Live Aid, tamasha la hisani la tarehe 13 Julai 1985 kwenye uwanja wa Wembley, London, kila msanii alipewa muda mfupi, na bendi ya Queen hawakuwa wa mwisho kwenye orodha wala hawakutajwa sana kabla ya siku hiyo. Walifanya mazoezi maalumu ya dakika zile takriban 20, wakapiga nyimbo sita mfululizo, na wimbo wao maarufu wa karibu dakika sita wakaukata wakabakiza sehemu ya mwanzo peke yake. Wengine wengi waliokuwa na majina makubwa walipiga kama walivyozoea, na siku hiyo inakumbukwa kwa jina la Queen. Kuukata wimbo unaoupenda huuma, lakini msikilizaji asiyeujua hawezi kuona kilichokatwa.

Muda uliopewa usiupite hata kwa dakika mbili. Mwimbaji Eric Church aliondolewa katika ziara ya bendi ya Rascal Flatts mwaka 2006 kwa sababu ya kupiga muda mrefu kuliko aliopangiwa, na nafasi yake akapewa binti wa miaka 16 aitwaye Taylor Swift. Wapo wanaomsifu Church kwa ukaidi huo. Mimi naona kwamba hata bila kufukuzwa angepoteza kitu, kwa kuwa bendi inayoshuka watu wakiwa bado na kiu huzungumzwa wakati wote wa kubadilisha vyombo, na inayong'ang'ania jukwaa huzungumzwa kwa ubaya.

Kuhusu sauti, kubali mapema kwamba mitambo imepangwa kwa ajili ya msanii mkuu, na kwamba huenda majaribio yenu yakafanywa kwa dakika kumi, milango ikiwa karibu kufunguliwa. Mfikie fundi mitambo mapema, mpe karatasi moja yenye vyombo vyenu na mahali kila mtu anaposimama, na umwite kwa jina lake. Kugombania ukubwa wa sauti ni kupoteza nguvu. Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni kwamba miili ya watu hunywa sauti, hivyo ukumbi uliojaa nusu hurudisha mwangwi mwingi zaidi kuliko ule utakaomkuta msanii mkuu saa mbili baadaye. Muziki uliosongamana, wenye magitaa matatu na kinanda vikicheza kwa pamoja, hugeuka uji katika mwangwi huo. Punguzeni: besi iache nafasi, gitaa moja linyamaze wakati wa beti, na sauti ya mwimbaji isikike neno kwa neno. Bendi yenye mapengo yaliyopangwa husikika kubwa hata ikiwa spika zimeshushwa.

Mnapopanda, pandeni mkipiga. Msiwaulize watu kama wako tayari, msiwasihi wasogee mbele, na kamwe msilalamike kwamba ukumbi ni mtupu, kwa sababu wale waliowahi ndio wageni wenu na hawana kosa. Jina la bendi litajwe mara mbili, baada ya wimbo wa kwanza na kabla ya ule wa mwisho, na kwa msanii mkuu inatosha shukrani moja. Mavazi yaonyeshe tu kwamba mlijua mnakuja kazini. Pigeni kwa wachache waliopo kana kwamba wameujaza ukumbi, maana hamjui ni nani aliyesimama nyuma: tarehe 9 Mei 1974 Bruce Springsteen alimtangulia Bonnie Raitt katika ukumbi wa Harvard Square, na miongoni mwa waliosikiliza alikuwamo mwandishi Jon Landau, aliyemsifu gazetini kwa maneno yaliyoenea Marekani nzima na baadaye akawa meneja wake.

Mwisho wa onyesho ufanyiwe mazoezi kuliko kitu kingine chochote. James Brown, aliyepangwa kabla ya Rolling Stones katika onyesho lililorekodiwa Santa Monica Oktoba 1964, alitumia takriban dakika 18, na sehemu kubwa ya dakika hizo ilikuwa ni kuaga: anaanguka magotini, anafunikwa joho, anasindikizwa kutoka, analitupa joho na kurudi kwenye kipaza sauti, kisha anaanguka tena. Yalionekana kama mambo ya ghafla ilhali kila hatua ilikuwa imepangwa, na Keith Richards, mpiga gitaa wa Rolling Stones, alikiri miaka ya baadaye kwamba kukubali kumfuata lilikuwa kosa. Si lazima uwe na joho. Lazima ujue sauti ya mwisho itakuwa ipi, nani ataikata, na kwamba baada yake hamtabaki mkihangaika na nyaya mbele ya watu. Toeni vyombo haraka, kisha mwimbaji aende mezani zinapouzwa kazi zenu.

Yote haya yakifaulu kwa usiku kadhaa mfululizo, huenda mwandaaji akapendekeza mbadilishane zamu ili nyinyi ndio mfunge. Fikirini sana kabla ya kukubali, kwa kuwa siku hiyo ufupi utahamia upande wa pili. Katika ziara ya Uingereza ya Mei na Juni 1963, Roy Orbison aliletwa kutoka Marekani akiwa jina kubwa, lakini umaarufu wa Beatles ulikuwa ukipanda kwa kasi hivi kwamba wao ndio waliopewa nafasi ya kufunga. Orbison, sasa akiwa mtangulizi, alisimama bila kusogea, akiwa na miwani yake myeusi, akaimba nyimbo za huzuni kwa sauti ya chini inayopanda polepole, na watu waliokuwa wamekuja kuwapigia Beatles mayowe wakamtaka arudi, na arudi tena. Wale vijana wanne walikuwa nyuma ya pazia wakisubiri amalize, na mpiga ngoma wao, Ringo Starr, alisimulia baadaye jinsi ilivyokuwa adha kupanda baada yake.