Miche ya dirishani isirefuke ovyo

Juu ya friji ni pahali pazuri pa kuoteshea mbegu za nyanya, na ni pahali pabaya mno pa kuziacha zikishachipuka. Mbegu ya nyanya haidai mwanga ili iote. Inataka joto na unyevu tu. Lakini kichwa kikishatokeza, joto bila mwanga huurefusha mche ukitafuta jua, na shina likishatoka jembamba kama uzi halifupiki tena. Siku mbili zatosha kuuharibu. Ndiyo maana mimi huchungulia trei asubuhi na jioni. Nikiona vichwa vya kwanza, hata kama nusu ya mbegu bado zimelala, natoa nailoni iliyofunika trei na kuihamishia trei dirishani siku iyo hiyo.

Dirisha lenyewe lina maneno. Hapa Nairobi, Julai jua liko upande wa kaskazini, kwa hiyo dirisha la kusini halipati miale hata kidogo. Desemba mambo hugeuka. Trei ikae karibu na kioo kabisa, si mezani katikati ya sebule, na uigeuze kila siku miche isiinamie upande mmoja.

Tatizo ni kwamba Julai mawingu hutanda mchana kutwa. Hapo nawasha balbu nyeupe ya LED, sentimita 10 hivi juu ya majani, kwa muda wa saa 14 hadi 16 kila siku, kisha naizima usiku. Miche ikipanda, balbu nayo naipandisha. Balbu ya dari ni kuchoma tokeni za stima bure.

Baridi nayo isikutishe. Nyuzi 18 zafaa kabisa. Hita ndiyo adui.

Kila tundu libaki na mche mmoja. Iliyozidi ikate kwa makasi, usiing'oe, maana mizizi imeshikana. (Mama mkwe hawezi kuvumilia kuona mche mzima ukikatwa, basi hiyo kazi naifanya akiwa kanisani.) Halafu pitisha kiganja juu ya majani taratibu mara chache kwa siku, kutikiswa hukaza shina.

Na iliyokwisha kurefuka? Nyanya ihamishe uizike hadi karibu na majani ya kwanza, shina lililofukiwa litatoa mizizi. Hoho haitoi mizizi kirahisi hivyo. Mwaga, usie upya.