Somo: 44,100 au 48,000? Kasi ya sampuli za sauti unapochezesha video

Wadau, swali hili huibuka kila mtu akifungua mipangilio ya sauti, na jibu linalozoeleka ni "weka kubwa kuliko zote". Tuachane nalo.

Kasi ya sampuli ni mara ngapi sauti imepimwa ndani ya sekunde moja. Kasi yoyote hubeba mitetemo ya sauti hadi nusu yake tu: 48,000 Hz (yaani mara 48,000 kwa sekunde) inafika 24,000, na sikio la mtu huishia kwenye 20,000 hivi, tena la kijana. Kwa hiyo hata 44,100 ya CD inatosha. Video hutumia zaidi 48,000, na hesabu yake imetulia: kwa fremu (picha) 24 kwa sekunde, kila fremu inapata sampuli 2,000 kamili. Gawanya 44,100 kwa 24 uone, unabaki na nusu sampuli mkononi.

Hatua ya 1. Angalia faili lenyewe. VLC na mpv ni programu za kuchezesha video. Kwenye VLC ya Windows au Linux bonyeza Ctrl+J. Kwenye mpv bonyeza herufi i.

Hatua ya 2. Angalia kifaa cha sauti kimewekwa kasi gani. Hapa ndipo wengi wanapopigwa chenga. Kwa kawaida Windows huchanganya sauti za programu zote kwa kasi moja, ile iliyowekwa kwenye sifa za kifaa. Faili la 44,100 likipita hapo linageuzwa kwanza, ndipo lifike kwenye spika. Kwenye Mac kasi hiyo iko ndani ya programu ya Audio MIDI Setup.

Hatua ya 3. Kama unachezesha video zaidi, weka kifaa 48,000, kisha uache. Mabadiliko ya 44,100 kwenda 48,000 yakifanywa na programu nzuri huwezi kuyasikia.

Wenye kutaka sauti ifike bila kuguswa, mpv ina mpangilio wa `audio-exclusive=yes`, unaoipa kifaa cha sauti peke yake. Ila programu nyingine zitanyamaza wakati huo, msije kulalamika.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, video yangu sauti imekuwa nyembamba na inatangulia midomo. Shida nini?*

Dalili za sampuli za 44,100 zinazochezwa kama 48,000. Mwendo unazidi kwa karibu asilimia 9, na sauti ya dakika moja inaisha sekunde 5 hivi kabla. Maelezo ya faili yanadanganya. Kama Ctrl+J inakuonyesha 48,000, jaribu amri hii ya ffmpeg, programu ya kugeuza faili za video na sauti:

`ffmpeg -i mbovu.mkv -c:v copy -af "asetrate=44100,aresample=48000" nzima.mkv`

Picha haiguswi, inatengenezwa sauti tu.

*Nikigeuza faili langu kuwa 96,000 si litakuwa safi zaidi?*

Hapana ndugu. Litanenepa tu. Kilichokosekana wakati wa kurekodi hakirudi.

*Natumia spika za bluetooth, sauti inachelewa. Nibadilishe kasi?*

Usiguse kasi kwanza. Tazama mwanzo wa video, kisha ruka hadi karibu na mwisho. Kama uchelewaji ni uleule, ni wa bluetooth: kwenye VLC bonyeza J, kila mara sauti inawahishwa kwa milisekunde 50, hadi midomo ikubaliane nayo. Kama pengo linazidi kukua, rudi hatua ya 1 utuwekee hapa ulichokiona.