Namna ya Kupima Jinsi Kemikali ya Mmea Inavyoathiri Makrofaji Kidonda Kinapopona

Ngozi inapokatika, nyutrofili, aina ya seli nyeupe za damu, huwahi kufika ndani ya saa chache, kisha monositi, aina nyingine ya seli nyeupe, hutoka kwenye damu, huingia kwenye kidonda na kugeuka makrofaji, yaani seli za kinga zenye kazi ya kumeza. Katika siku za mwanzo makrofaji huua vijidudu na kumeza mabaki ya seli zilizokufa, na baadaye hubadili mwenendo: hutuliza uvimbe, huwaita fibroblasti, seli zinazotengeneza kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, na husaidia mishipa midogo ya damu kuota. Mwaka 1975 Leibovich na Ross walionyesha kwamba wanyama waliopunguziwa makrofaji walichelewa kusafisha na kujenga upya vidonda vyao. Kwa hiyo anayepima kemikali ya mmea asijiulize tu iwapo inapunguza uvimbe, kwa sababu uvimbe wa siku ya kwanza ni kazi halali ya mwili. Ajiulize iwapo inazisaidia makrofaji kubadilika kwa wakati wake. Mwongozo huu unatumia kurkumini, kemikali inayoipa manjano rangi yake, kwa kuwa ina karibu kila mtego ambao mtafiti atakutana nao.

Anza na usafi wa kemikali yenyewe, na hapa usiwe na haraka. Dondoo za mimea mara nyingi hubeba endotoksini, yaani lipopolisakaridi iliyotoka kwenye kuta za bakteria, na makrofaji huihisi hata ikiwa kidogo mno. Ukiruka kupima endotoksini, unaweza kuandika kwamba mmea unaamsha kinga ilhali kilichoiamsha ni uchafu. Pima endotoksini kwa kipimo cha LAL, kinachotumia dondoo ya seli za damu ya Limulus, mnyama wa baharini anayefanana na kaa. Kisha andaa visima vya makrofaji (vishimo vidogo kwenye bamba la maabara) vyenye kemikali peke yake, na vingine vyenye kemikali pamoja na polimiksini B, antibayotiki ambayo hushika lipopolisakaridi na kuizima. Iwapo mwitikio unatoweka palipo na polimiksini B, rudi ukasafishe sampuli kabla ya kuendelea.

Kurkumini haiyeyuki vizuri kwenye maji, hivyo huyeyushwa kwanza kwa DMSO, kiyeyushi cha maabara. Hakikisha kiasi cha DMSO kwenye kisima hakizidi asilimia 0.1, na weka visima linganishi vyenye DMSO hiyo hiyo bila kurkumini. Kumbuka pia kwamba katika myeyusho usio na seramu (majimaji ya damu yasiyo na seli), wenye pH ya karibu 7.2 na joto la 37 °C, sehemu kubwa ya kurkumini huvunjika ndani ya nusu saa. Andaa myeyusho muda mfupi kabla ya kuutumia, ukinge na mwanga, na ueleze katika ripoti kiasi cha seramu ulichotumia, kwa sababu seramu hupunguza kasi ya kuvunjika huko.

Baada ya hapo tafuta dozi isiyoua seli. Watu wengi hutumia MTT, rangi ya njano ambayo seli hai huigeuza kuwa zambarau. Polifenoli nyingi, yaani kundi la kemikali za mimea ambalo kurkumini imo, hata hivyo, zinaweza kuigeuza rangi hiyo zenyewe, bila seli yoyote, na kurkumini ina njano yake inayoongeza utata. Jaza visima kadhaa kwa kemikali na MTT bila seli. Vikibadilika rangi, osha seli kwa uangalifu kabla ya kuweka MTT, au hesabu seli kwa tripani buluu, ambayo huingia katika seli zilizokufa tu. Hatua hii ni ya lazima: seli inayokufa hutoa saitokini (protini ambazo seli hupashana nazo habari) kidogo, na kupungua huko husomwa kwa urahisi kama kutulia kwa uvimbe.

Sasa amsha makrofaji. Kwa seli za panya aina ya RAW 264.7, lipopolisakaridi ya nanogramu 100 kwa mililita hutumika sana kuzipeleka upande wa uvimbe, na saitokini IL-4 ya nanogramu 20 kwa mililita kuzipeleka upande wa ujenzi. Kuna jambo ninalolisisitiza kuliko mengine yote: usiishie kuweka kurkumini kabla ya kichochezi. Dawa ya kidonda hupakwa baada ya ngozi kuumia, kwa hiyo kundi linalopewa kurkumini saa kadhaa baada ya lipopolisakaridi ndilo linalofanana na hali halisi. Pima saitokini za uvimbe TNF-α na IL-6, na ya kutuliza IL-10, kwenye kimiminika cha juu ya seli, na CD206, alama ya upande wa ujenzi, kwenye uso wa seli. Oksidi ya nitriki, gesi ambayo makrofaji za uvimbe hutoa, hupimwa kwa kipimo cha Griess kwenye seli za panya. Seli za binadamu kama THP-1 huitoa kidogo mno kiasi kwamba kipimo hicho hakifai. Alama moja iliyopanda haitoshi kudai kwamba seli zimehama kundi, na ni vyema kuzitaja kwa kichochezi kilichotumika kuliko kuziita M1 (za uvimbe) au M2 (za ujenzi) bila maelezo.

Chukua kimiminika hicho ukiweke kwa fibroblasti waliochanwa mstari kwenye bamba, uone kama wanaufunga upesi zaidi. Usisahau kundi lililopewa kurkumini moja kwa moja bila makrofaji, ili ujue athari imepitia wapi.

Ukifika kwenye panya, pata kwanza kibali cha kamati ya maadili. Ngozi ya panya hufunga kidonda zaidi kwa kujivuta, tofauti na ya binadamu, hivyo shonea pete ya silikoni kuzunguka kidonda ili kuzuia kujivuta huko. Chukua sampuli siku ya 3, ya 7 na ya 14, kwa kuwa siku moja haionyeshi mabadiliko ya wakati, na mpimaji wa picha asijue kidonda kipi kilipakwa nini. Ongeza panya wenye kisukari, kama wale wa db/db, ambao makrofaji zao za uvimbe hukawia kubadilika. Katika kidonda cha panya mwenye afya, kinachopona vizuri chenyewe, nafasi ya kuona faida ya kemikali ni ndogo.