Jinsi ya kufuatilia barua feki ya Carl Peters ukiwa hapahapa Iringa

Wanafunzi wa historia hapa Iringa mnauliza sana hii ishu ya "barua ya Tucker", yaani ile barua feki iliyotumika kumshtaki Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani, sasa ngoja niiweke yote maana wengi wanaishika nusunusu halafu wanajikuta wanamtetea muuaji bila kujua.

Kwanza usimchanganye Peters na Tom Prince, yule Bwana Sakarani aliyepigana na Mkwawa huku kwetu. Peters ni wa mikataba ya 1884 kule Usagara na Ukami, Mkono wa Damu mwenyewe, na skendo yake imetokea Kilimanjaro alikopelekwa kama kamishna 1891. Pale alimnyonga mtumishi wake Mabruk, na mwanzoni mwa 1892 akamnyonga na binti aliyekuwa kamuweka kinyumba, Jagodia. Machi 1896 mbunge August Bebel akasimama bungeni Berlin akalianika lote, ila akachomekea na barua ambayo eti Peters alimwandikia askofu Tucker, Mwanglikana, akisema yule binti ni mkewe kwa mila za Kiafrika kwa hiyo alikuwa na haki ya kumuua. Barua ikatafutwa wee, haipo, ikaonekana ni ya kughushi.

Anzia kwenye kumbukumbu za bunge lenyewe. Maktaba ya jimbo la Bavaria kule München imeziskani zote na ziko bure, andika Reichstagsprotokolle kwenye gugo, ingia kikao cha 13 Machi 1896 na vilivyofuata, dauniloudi kurasa usiku bando likiwa rahisi kisha kaprinti steshenari, maana kusoma maandishi yale kwenye simu utaumiza macho bure. Ni Kijerumani cha herufi za kizamani na kinachosumbua zaidi ni s, inaandikwa ndefu kama f, yaani utaona gefagt uhangaike na kamusi kumbe ni gesagt. Ukishaizoea hiyo mengine yanateremka, na programu ya kutafsiri itakusaidia kupata maana ya jumla, ila sentensi unayotaka kuinukuu mpe mtu anayejua Kijerumani aihakiki.

Halafu chora jedwali, na hapa ndo penyewe kwa kweli usiparuke. Kila tuhuma mstari wake: nani kasema, lini, aliona kwa macho au kasikia, na mtuhumiwa kajibu nini. Mstari wa barua utaanguka wenyewe, Bebel kaitaja, askofu kakana. Mstari wa Mabruk na wa Jagodia hauanguki, Peters mwenyewe hakukataa kuwa aliamuru wanyongwe, alichobishia ni sababu tu, na mahakama ya nidhamu ikamfukuza kazi 1897.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, Kumbukumbu za Taifa pale Upanga Dar wana mafaili ya Wajerumani, nenda na barua ya chuo. Mafaili ya wizara ya makoloni yako Berlin, fungu R 1001.

Kuwa makini na vitabu vya Kijerumani vya miaka ya 1930, Hitler alimsafisha Peters 1937 na barua feki ilikuwa fimbo nzuri sana kwa waliomtetea, kwamba kama barua ni uongo basi na tuhuma zingine zote ni uongo. Ukishika kitabu angalia mwaka kwanza, kisha tafuta jina la Mabruk na la Jagodia ndani, ukikuta barua imejaza kurasa na hao wawili hawamo, kirudishe shelfuni uchukue kingine.