Donda la mguu lisilopona: mambo ya kuzingatia kabla ya kuanza bandeji

Jamani wenye mzazi ana donda ndugu pale juu ya kifundo cha mguu, upande wa ndani, naomba msome hii kabla hamjanunua dawa nyingine ya kupaka. Mama yangu alikaa nalo miaka miwili, tunamwagia unga wa kapsuli za rangi mbili, leo spiriti kesho asali, kumbe tatizo ni mishipa ya vena, ile inayorudisha damu kwenye moyo, vali zake, yaani vilango vya kuzuia damu isirudi chini, zimechoka, damu haipandi inatuama huku chini, mguu unavimba na ngozi inakuwa nyeusi ngumu kama gamba.

Kabla ya bandeji ya kubana hakikisheni ateri, mishipa inayopeleka damu mguuni, zimepimwa, hili msiliruke kabisa. Wanapima presha ya kifundo wanaigawa kwa ya mkono, jibu likiwa chini ya 0.8 kubana kwa nguvu hakufai, chini ya 0.5 ndio hatari, mguu unaweza kufa. Mwenye kisukari aseme mapema maana mishipa yake ikikakamaa kipimo kinadanganya.

Ateri zikiwa salama basi bandeji ndio dawa yenyewe. Inaanzia karibu na vidole mpaka chini ya goti, inabana zaidi kifundoni, kama 40 mmHg hivi (kipimo kile kile cha presha), halafu inapungua ikipanda. Kama mgonjwa anaumia sana akaifungua kila usiku haisaidii, semeni na nesi kuhusu dawa ya maumivu. Vidole vikiwa vya baridi au ganzi, fungueni hapo hapo mrudi hospitali.

Angalieni pia analala wapi. Mama alikuwa anasinzia kwenye kiti usiku kucha miguu inaning'inia, tukamhamishia kitandani na mito miwili chini ya miguu, na mchana atembee kidogo kidogo kwa sababu vigimbi ndio pampu ya kurudisha damu. Sigara aache, mayai, dagaa na maharage yasikosekane.

Antibayotiki ni pale tu kuna homa, wekundu unasambaa au maumivu yameongezeka ghafla. Na muwe na subira, donda lililozidi miezi 6 au kubwa kuliko sentimita 5 za mraba linachelewa, ila wiki 12 zikipita halipungui ombeni kipande kidogo cha donda kikatwe kipimwe, kansa nayo hujificha humo.

Bajeti ya soksi za kubana ianze sasa, zinavaliwa hata donda likishafunga. Za mama nafua kwa mkono, naanika kivulini.