Uliza Maji Kwanza: Jinsi ya Kupanga Matembezi Kuzunguka Mji wa Pwani

Watu wengi wakifika mji wa pwani na kutaka kutembea, hufungua ramani. Mimi huanza na jedwali la maji kujaa na kupwa. Ramani itakuonyesha njia ilipo, lakini njia ya ufukweni ina saa zake za kuwepo na saa zake za kumezwa na bahari, na hilo ramani haikwambii. Nililijua kwa kulowa hadi kifuani, nikiwa na mtoto wa watu mgongoni. Nitaeleza ilivyokuwa, ila tuyaelewe maji kwanza.

Katika pwani nyingi bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili ndani ya saa 24 na dakika 50 hivi. Kutoka kupwa kabisa hadi kujaa kabisa ni saa sita na dakika chache. Zile dakika 50 zinazozidi siku ndizo zinazowaponza wageni, kwa sababu zinalimbikizana. Leo maji yamepwa kabisa saa nne asubuhi. Wiki ijayo, saa nne hiyohiyo, pale ulipotembea mchangani utakuta mawimbi. Kwa hiyo ushauri wa "sisi tulipita asubuhi, pako salama" hauna maana kama hukuambiwa ilikuwa tarehe ngapi.

Halafu kuna mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, siku moja au mbili baadaye huja bamvua: maji hupwa mbali sana na hurudi juu sana. Mwezi ukiwa nusu, yanakuja maji mafu, ambayo hayaendi mbali wala hayapandi sana. Siku za bamvua zinavutia mno, maana mchanga unafunguka hadi mahali ambapo siku nyingine hupaoni, lakini ndizo siku za kuwa macho zaidi. Ukiwa na watoto au watu wasiozoea, chagua siku za maji mafu.

Usibebe mazoea ya pwani moja kwenda nyingine. Sehemu kubwa ya Mediterania maji hupanda na kushuka kidogo tu, hata mtu asitambue. Kwenye ghuba ya Fundy, Kanada, tofauti kati ya kupwa na kujaa hufika mita 16, kimo cha nyumba ya ghorofa tano.

Sasa jambo ambalo ningependa ulishike kuliko yote: maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Mabaharia wana hesabu yao ya kukadiria. Gawa kimo chote mafungu 12. Saa ya kwanza linapanda fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Chukua mahali ambapo tofauti ni mita 3.6. Saa ya kwanza maji yamepanda sentimita 30 tu, nawe unasema bado yako mbali. Saa mbili zinazofuata yanapanda mita moja na nusu.

Hivyo ndivyo nilivyonaswa. Maji yalipwa saa nne asubuhi. Mimi na mpwa wangu, wakati huo ana miaka 12, tulizunguka rasi moja saa tano, viatu vikavu, mchanga mbele ya mwamba una upana wa hatua kama 15. Upande wa pili kulikuwa na ghuba ndogo yenye makombe mengi. Tuliokota, tukakaa, tukala. Saa saba tukageuza. Pale penye hatua 15 za mchanga hapakuwa na mchanga hata kidogo. Wimbi lilikuwa linapiga mwamba na kurudi. Nilimbeba mgongoni nikajaribu. Maji yalinifika kifuani, wimbi la tatu likanisukuma nikaparuza bega kwenye mwamba, na mtoto akaniambia sikioni, "Mjomba, turudi." Tukarudi. Tulipanda korongo lenye miiba nyuma ya ile ghuba na kuingia mjini saa mbili usiku, mikono imechanika. Yeye leo ni mtu mzima na bado ananiuliza saa za maji kabla ya kufunga kamba za viatu.

Tangu siku ile nina kanuni mbili. Rasi naanza kuizunguka maji yakiwa yanapwa, kamwe si yakijaa. Natoka saa mbili kabla ya kupwa kabisa, na maji yakifika chini kabisa mimi nageuka, popote nilipo. Ya pili: kabla ya kuingia ghuba yoyote natafuta mlango wa pili, yaani njia ya kupanda juu bila kugusa maji, na ninaikagua kwa macho siku hiyohiyo, kwa sababu ngazi huvunjika na vijia huota vichaka.

Jedwali nalo lina mipaka. Upepo mkali unaovuma kutoka baharini huyasukuma maji juu kuliko yalivyoandikwa, na hali ya hewa ya dhoruba huyainua zaidi. Miezi michache baada ya ajali yangu nilimkuta mvuvi mzee akitengeneza nyavu karibu na rasi ileile. Nikamwamkia, nikamuuliza yeye huangalia saa ngapi. Akanyoosha kidole: "Unauona ule mwamba mweusi, kama ng'ombe aliyelala? Bahari ikianza kuupiga shingoni, mwanangu, geuka. Usingoje ufunikwe." Kila rasi ina mwamba wake wa namna hiyo. Muulize anayeishi na bahari ile, kisha uukariri.

Ufukwe wenyewe unasema ukiusoma. Tafuta ule mstari wa mwani mkavu, vijiti na manyoya ya ndege: hapo ndipo maji yalipofika mara ya mwisho. Mstari ukiwa umeacha mchanga mkavu wa kutosha nyuma yake, unaweza kupumzika hapo. Ukiona mwani umelala kwenye mguu wa genge, yaani ule ukuta wa mwamba au udongo juu ya ufukwe, au hakuna mstari kabisa na mwamba una utando wa kijani hadi juu ya kichwa chako, jua kwamba maji yakijaa hapo hapana pa kusimama.

Basi, kupanga njia. Karibu kila mji wa pwani una njia tatu ndani yake: ya ufukweni, ya juu ya magenge au vilima, na ya kufuata hori, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, au mto unaoingia baharini. Matembezi mazuri kwangu ni yale yanayounganisha mbili: unakwenda kwa chini wakati maji yanapwa, unarudi kwa juu bila haraka wakati yanajaa, na unaiona kutoka juu njia uliyopita ikifunikwa pole pole. Kukadiria muda, tumia kanuni ya Mskoti William Naismith ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Watu hudhani pwani ni tambarare, wakasahau makorongo. Kijia cha kilomita 8 kinachoshuka na kupanda makorongo matano ya mita 60 kina mita 300 za kupanda ndani yake. Hiyo ni zaidi kidogo ya saa mbili kwa mtu mwenye nguvu, na mimi kwa kundi la wageni huandika tatu. Njia ya South West Coast Path ya Uingereza, yenye kilomita 1,014, ina jumla ya mita 35,000 za kupanda na yote iko kando ya bahari.

Mchanga una hesabu yake. Kutembea kwenye mchanga tifutifu kunakula nguvu zaidi ya mara mbili ya barabara ngumu. Shuka kwenye ukanda uliolowa, ule ambao mguu unaacha alama isiyozama. Maji kati ya chembe ndiyo yanayoushika mchanga. Ukitembea mbali kwenye ufukwe wenye mteremko, mguu mmoja unakuwa chini ya mwingine muda wote, na nyonga itakwambia jioni. Ukirudi njia ileile mzigo unahamia mguu wa pili, kwa hiyo kwa siku ya kwanza kwenda na kurudi ni bora kuliko kwenda mbali upande mmoja na kurudi kwa gari.

Kwenye miamba iliyolowa, weusi unaong'aa na kijani kibichi ni utelezi. Kanyaga pakavu, au penye vigaga vya kombe vinavyokwaruza soli. Kabla ya kupita mahali panapopigwa na mawimbi, simama uyatazame kwa dakika kumi nzima. Mawimbi makubwa huja kwa makundi, na kundi lenyewe linaweza kuchelewa hadi ukadhani bahari imetulia. Ukipita, usiipe bahari mgongo.

Juu ya magenge shida inabadilika. Ukingo unaouona chini ya mguu mara nyingi ni ulimi wa udongo na majani, chini yake pameliwa na bahari. Tafuta ufa unaokwenda sambamba na ukingo. Ukiuona, upande wote ulioko baharini wa ufa huo uhesabu kuwa umeshaanguka. Mimi hukaa hatua tano au zaidi ndani, na kukiwa na upepo mkali au mvua ya siku mbili huchagua njia nyingine kabisa. Chini ya genge vilevile usile wala usilale, hata kama kivuli kinakuita. Kijia maarufu cha Via dell'Amore huko Cinque Terre, Italia, kilifungwa mwaka 2012 baada ya mawe kuporomoka na kuumiza watalii, na kilifunguliwa tena 2024. Kijia chenyewe ni kama kilomita moja tu. Kwa hiyo ukikuta kizuizi na kibao cha "njia imefungwa", kiheshimu, hata kama nyayo mpya zinaonekana ng'ambo yake.

Hori ndilo linalodanganya kuliko yote, kwa sababu maji yake ni tulivu. Yanapojaa hayaji kwa mbele unakotazama. Yanaingia kwanza kwenye mifereji nyuma yako, nawe unabaki kwenye kisiwa cha mchanga kinachopungua. Kwenye ghuba ya Morecambe, Uingereza, tangu karne ya 16 kumekuwapo mwongozaji maalumu wa kuvusha watu mchangani, na hata hivyo usiku mmoja wa Februari 2004 wachuma kombe zaidi ya 20 walizingirwa na maji na kufa. Mimi hori silivuki. Nalizunguka hadi darajani, hata kama ni saa moja zaidi, na sijawahi kujuta: pembeni mwa hori ndiko walipo ndege, na maji yakipwa utawaona kaa wakitoka matunduni mmoja mmoja, wakisimama, wakikusubiri upite. Mguu ukizama topeni, usiuvute kwa kutumia mguu mwingine. Kaa chini, lala kinyumenyume uzito utawanyike, utikise mguu taratibu upate hewa, kisha utoke kwa kutambaa kurudi ulikotoka.

Upepo na jua nitayasema kwa pamoja. Nchi kavu hupata joto haraka kuliko bahari, ndiyo maana kunako adhuhuri upepo wa bahari huanza kuvuma, na alasiri hupamba moto. Unapoza ngozi, unakausha jasho, na unakufanya usisikie kiu wala kuungua. Mchanga mkavu unarudisha kama asilimia 15 ya mionzi inayounguza, povu la bahari kama asilimia 25, kwa hiyo kofia pekee haitoshi. Kidevu na shingo huungua kutoka chini. Ukiweza, anza safari ukiukabili upepo ili urudi ukiwa nao mgongoni, umechoka.

Vya kubeba ni vichache: maji ya kunywa zaidi ya unavyodhani, viatu vya kufunga (ndala zinatosha mchangani lakini zinasaliti kwenye mwamba), kitu cha kuzuia upepo, firimbi, tochi hata kama unarudi mchana. Simu iwe na chaji na iwe ndani ya mfuko usioingiza maji. Mwambie mtu mmoja unapita wapi na utarudi saa ngapi, na ukirudi umjulishe.

Mwisho kabisa, daftari. Kila nikimaliza njia mpya naandika kabla ya kuvua viatu: tarehe, mwezi ulikuwa wa siku ngapi, maji yalipwa saa ngapi, nilifika rasi saa ngapi na mchanga ulikuwa na upana wa hatua ngapi, mlango wa pili uko wapi, mwamba wa kutazama ni upi. Ukurasa wa ile rasi iliyonishinda una mchoro wa mwamba mweusi uliolala kama ng'ombe, na shingoni nimepiga mstari kwa kalamu nyekundu.